Mhusika Duara katika Michezo ya Mapenzi ya Televisheni: Mtazamo kutoka Shinyanga na Geita

Yapo mawazo, nayo yamekwisha kusemwa mara nyingi katika vikao vya walimu, kwamba michezo ya mapenzi inayoonyeshwa katika televisheni ni sumu kwa vijana, na kwamba dawa yake ni kuizima. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo, ingawa tunaufahamu vema wasiwasi unaoyazaa. Utamaduni wa taifa haulindwi kwa kuziba macho. Aidha, mapenzi ni jambo kubwa katika maisha ya watu, na sanaa inayokataa kuyagusa itakuwa imekataa kugusa nusu ya maisha yenyewe. Swali linalotuhusu ni jingine: je, watu tunaoonyeshwa wakipendana na kuachana katika michezo hiyo ni watu kweli, au ni vinyago vilivyovikwa nguo nzuri?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa msomaji aliyeko Kahama, Shinyanga, Nyarugusu au mjini Geita. Katika sehemu hizo msichana wa kidato cha pili aweza kuwa anaangalia mchezo wa mapenzi jioni, na kesho yake akakuta nyumbani kwao wageni waliokuja kuzungumza habari za ng'ombe. Utafiti wa taifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga wasichana 59 katika kila 100 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18, kiwango kilichokuwa cha juu kupita mikoa mingine yote. Msichana huyo anahitaji kipimo cha kumpimia mwanamume, na apende asipate pengine, kipimo chake kimoja atakitoa katika kioo cha televisheni. Kipimo kikiwa cha uongo, hasara haimfiki msanii bali inamfika yeye.

Tuanze na asili ya michezo yenyewe. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa na redio peke yake hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, mchezo wa televisheni wa Bara ulipozaliwa ulikuta wazazi wawili wamekwisha tangulia: michezo ya redio, na vichekesho vilivyoigizwa kumbini na vikundi vya utamaduni kama Muungano na TOT katikati ya ngoma, muziki na sarakasi. Kutoka redioni ulirithi mazoea ya kueleza kila jambo kwa maneno, na kutoka kumbini ukarithi sauti ya juu, mikono inayorushwa, na wahusika wanaotambulika mara wanapotokea: mzee mkware, mke mwenye gubu, kijana mshamba, msichana wa mjini. Si urithi wa kudharauliwa. Mtazamaji wa ukumbini alikuwa amekaa mbali, pengine akinywa, na mwigizaji asiyepaza sauti asingesikika. Lakini kamera inakaa karibu na uso wa mtu kuliko hata mkewe anavyokaa. Kile kilichokuwa ustadi ukumbini kiligeuka kelele sebuleni.

Kikundi cha Kaole, ambacho michezo yake kama *Jahazi* na *Dira* ilipendwa mno katika ITV mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilifanya kazi hii kikiwa katikati ya njia hiyo. Huko ndiko alikopita Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, ambaye baadaye aligeukia filamu na kuwa nyota iliyojulikana hata nje ya Afrika ya Mashariki kabla ya kufariki dunia Aprili 2012. Tunamtaja Kanumba si kwa sababu ya kujivunia uzawa wake tu. Katika sura yake kulikuwa na kitu ambacho michezo aliyopewa mara nyingi haikukitumia: alikuwa aweza kunyamaza. Alipokuwa akinyamaza, mtazamaji alianza kujiuliza mtu huyu anafikiri nini, na hapo ndipo mhusika huanza kuwa mtu. Kisha hadithi ilimnyang'anya nafasi hiyo, ikamtaka alie, apige kelele, au aingie katika gari jingine la fahari. Tena tunashangaa kidogo kwamba mwana wa Shinyanga alifika kilele cha sanaa hiyo akiwa, kwa sehemu kubwa, amevaa suti katika majumba ya Dar es Salaam. Hatusemi alikosea. Tunasema nchi aliyotoka ilibaki nje ya kamera.

Walimu wa fasihi huwafundisha wanafunzi wao kwamba kuna mhusika bapa na mhusika duara. Bapa ana upande mmoja: mwema ni mwema tangu mwanzo hadi mwisho, mwovu vivyo hivyo. Duara hubadilika, hujipinga mwenyewe, hutenda leo jambo ambalo jana alilikemea, nasi tukamwelewa. Mwalimu anayefundisha Geita ana bahati ambayo mwenzake wa pwani hana, kwa maana wanafunzi wake wanalijua neno duara kwa maana nyingine: kwao duara ni shimo la mchimbaji mdogo, linaloshuka wima kutafuta mwamba wenye dhahabu. Mwanafunzi huyo anajua kwamba mtu akisimama juu ya duara haoni kitu ila mdomo wake. Anajua pia kwamba chini mna njia za pembeni, kwamba nguzo za miti ndizo zinazozuia kuta zisianguke, na kwamba mwenye duara na mchimbaji hawana haki sawa juu ya mawe yanayotoka. Tukimwambia mwanafunzi huyo kwamba mhusika mzuri ni wa namna hiyo, hatuna haja ya kueleza zaidi.

Basi na tumchukue mchimbaji mwenyewe. Katika michezo mingi ya mapenzi yuko mwanamume mwenye fedha, lakini fedha zake hazina asili. Ana ofisi, ana meza, ana simu mbili, wala hatuambiwi anauza nini. Mchimbaji wa Nyarugusu hawezi kuigizwa hivyo. Anashuka shimoni kwa makubaliano ya kugawana mawe; mgao wake unakwenda kwenye karasha kusagwa, unaoshwa, unakamatishwa kwa zebaki, na hadi hapo hajui kama ana fedha ya kujenga nyumba au ya kulipa deni la unga. Aweza kukaa miezi bila kitu. Aweza pia kupata, kwa siku moja, kuliko mwalimu anavyopata kwa mwaka. Mtu anayeishi hivyo hupenda namna yake. Ahadi zake za ndoa si lazima ziwe uongo. Huenda anaziamini kabisa siku anapozitoa, kwa kuwa siku hiyo mfuko umejaa. Mwezi unaofuata mwamba umepotea, naye anamkwepa mwanamke yule yule kwa aibu, wala si kwa chuki. Mwandishi bapa atamwita mhuni. Mwandishi anayejua kazi ya duara ataona kwamba aibu ya mtu aliyeishiwa na uhuni wa mtu asiyejali hufanana kwa nje, na kwamba mwanamke anayempenda ndiye anayetakiwa kuzitenganisha, usiku, bila ya msaada wa mtu.

Na mwanamke huyo ni nani? Hapa ndipo michezo yetu inapokosea zaidi. Mwanamke wa machimboni akionyeshwa, basi ni malaya au ni mhanga. Lakini aliyekwisha pita katika makazi hayo anajua kwamba wako wanawake wanaopika na kuuza chakula kwa mkopo, wako wenye nyumba za kulala wageni, wako wanaosaga na kuosha marudio, wako waliowekeza fedha zao katika duara la mtu mwingine. Deborah Bryceson na wenzake, waliochunguza makazi ya wachimbaji wa dhahabu nchini mwetu, walichapisha mwaka 2013 makala yenye hoja kwamba uhusiano mwingi wa huko hauwezi kuitwa ukahaba kwa urahisi, kwani mara nyingi ni ushirika wa maisha ambamo watu hugawana nyumba, chakula, hatari na matumaini bila ya kufunga ndoa. Sisi tunaona kwamba hoja hiyo ni darasa kwa mtunzi wa mchezo. Mama anayemkopesha mchimbaji chakula cha miezi mitatu anajua habari zake kuliko mchumba wake. Je, anapomkubali anampenda, au analinda deni lake? Huenda yote mawili, na huenda mwenyewe hajui. Mchezo unaoweza kumwacha mtazamaji katika shaka hiyo kwa saa moja umefanya kazi kubwa kuliko mashindano mia ya wanawake kupigana makofi kwa ajili ya bwana mmoja.

Mtu asidhani tunadai jambo lisilowezekana. Limekwisha kufanyika, na kwanza lilifanyika redioni. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo *Twende na Wakati*, uliokusudiwa kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, alikuwa mhusika wa kuonya. Alitungwa ili achukiwe. Nao wasikilizaji walimchukia kwelikweli: watafiti wa mchezo huo wamesimulia kwamba mwigizaji wake alipotambuliwa sokoni wanawake walimtupia mawe. Lakini watu walimsubiri redioni. Dereva wa lori ana kazi inayoeleza udhaifu wake. Barabara ndiyo inayomtengeneza. Naye Tunu, mkewe, hakubaki kulia. Alianza biashara yake ndogo, na kadiri biashara ilivyokua ndivyo alivyozungumza na mumewe kwa sauti nyingine. Hapo ndipo tunapoona ukweli wa uhusiano: maneno ya mke yalibadilika kwa sababu mfuko wake umebadilika. Mchezo ulikuwa na hotuba nyingi, la hasha hatuzisifu, ila nyumba ya Mkwaju na Tunu ilikuwa nyumba yenye unga na deni ndani yake.

Televisheni ilifika hapo baadaye sana. *Siri ya Mtungi*, ulioanza kuonyeshwa Desemba 2012, ulichukua jina lake katika methali isemayo kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mchezo umewekwa Bagamoyo. Cheche ni mpiga picha kijana mwenye mke, Cheusi, na mwenye tamaa ya kuinuka katika kazi yake; baba mkwe wake ana wake zaidi ya mmoja na anataka aheshimiwe kwa hilo. Tazama jinsi kazi ilivyochaguliwa. Mpiga picha analipwa kwa kuwatazama watu, na hasa wanawake, na kuwafanya wajione wazuri. Jaribu linaloivunja nyumba yake limo ndani ya mkate wake wa kila siku. Mtunzi hakulazimika kulileta kutoka nje. Tena Cheche si mwovu. Anampenda mkewe na anamdanganya, na mambo hayo mawili yanakaa katika kifua kimoja kama yanavyokaa katika vifua vya watu wengi tunaowaheshimu. Baba mkwe naye angeweza kuwa mzee mkware wa vichekesho vya zamani, na mara kadhaa anateleza kuelekea huko, lakini kiburi chake kina maumivu ndani, kwani mwenye nyumba nyingi hatimaye hana anapolala kwa amani.

Tuna neno la kuukosoa mchezo huo. Nao uligharimiwa kwa ajili ya ujumbe wa afya, na kuna nyakati ambapo mhusika anafungua kinywa akatoka bango la zahanati. Mtu anayependa, akiogopa ugonjwa, hazungumzi hivyo. Huzunguka, hutania, hukasirikia jambo jingine. Hata hivyo, ukiuweka mchezo huo kando ya ile ya majumba yasiyo na mpishi na magari yasiyo na deni, tofauti ni ya usiku na mchana.

Mfano wa tatu ulitoka mbali. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, *Doudou na Mama Wakwe Zake*. Habari zake ni za kijana mwanamke wa Beijing aliyeolewa na mtu ambaye wazazi wake wamekwisha achana, hivyo akawa na mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Ulipendwa sana, hata Rais Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam Machi 2013 aliutaja katika hotuba yake. Kwa nini mtazamaji wetu aliyeishi mbali na Beijing alishikwa na mchezo ule? Kwa kuwa wapendanao wale walikuwa na ndugu. Katika michezo yetu mingi wapenzi ni kama waliotoka chini ya ardhi. Wana adui, lakini hawana shangazi. Mtazamaji wa Shinyanga, anayejua kwamba ndoa ni ya koo mbili, aliona kwa Wachina jambo ambalo watu wake mwenyewe hawakumwonyesha.

Na jambo hilo, kwa upande wa Usukuma, ni tajiri mno. Hans Cory, aliyekusanya sheria na desturi za Wasukuma wakati wa ukoloni, alieleza tofauti iliyokuwapo baina ya ndoa iliyotolewa *bukwi*, yaani mahari ya ng'ombe, na ndoa ambayo haikutolewa. Katika ile ya kwanza watoto walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Katika ya pili walikuwa wa upande wa mama. Ebu mtunzi alifikiri hilo. Kijana wa machimboni amekaa na binti wa watu miaka sita, wana watoto wawili, hajatoa hata mbuzi. Anapendwa, anatunza nyumba, lakini mbele ya wakwe hana watoto. Siku mwamba ukitoa dhahabu, ng'ombe anaowanunua si zawadi ya mapenzi wala si bei ya mke, anawanunua wanawe. Na mke, ambaye miaka yote sita alikuwa na nguvu kwa sababu hakulipiwa, anaona zizi la baba yake likijaa na nguvu yake ikipungua. Furaha ya nyumba nzima ni hasara ya mtu mmoja ndani ya nyumba hiyo. Hakuna mwovu hapo. Kuna watu wanaopendana, na kuna ng'ombe.

Iko pia desturi ya *chagulaga*. Vijana wanaume humzunguka msichana anayetoka ngomani au mnadani, wakimtaka achague mmoja wao kabla hajapita. *Chagulaga, mayu*, chagua mama, ndivyo wanavyomwambia, kwa neno la heshima. Wako wazee wanaoitetea kwa kusema kwamba msichana ndiye anayechagua, na kwamba ni staha kuliko ya mjini. Wako wanaoilaani, nasi tumo katika hao, kwa sababu uchaguzi ambao hauna jibu la kukataa ni nguvu iliyovaa shuka. Lakini mhakiki hafanyi kazi yake kwa kulaani tu. Mchezo wa kweli ungetuonyesha msichana ambaye ndani ya duara lile la vijana anamwona mmoja aliyekuwa akimpenda kwa siri, akamtaja, na akabaki maisha yake yote hajui kama alimchagua au alilazimishwa. Na kijana naye hajui. Wakigombana baada ya miaka kumi, hilo ndilo litakalotajwa.

Sheria imekwisha lisogelea jambo hili kwa njia yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi aliifikisha mahakamani. Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Sheria huuliza umri na ridhaa. Sanaa huuliza ridhaa hiyo ilikuwa na ladha gani kinywani mwa aliyeitoa.

Watunzi wa televisheni wakitaka mwalimu wa karibu, wasiende Beijing. Wavuke ziwa tu kutoka Mwanza. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alichapisha *Rosa Mistika* mwaka 1971, na kitabu kikazuiwa shuleni kwa kuonekana kinaharibu vijana, yaani kwa hoja ile ile inayotolewa leo juu ya televisheni. Rosa amelelewa na Zakaria, baba mlevi anayemchunga bintiye kwa ukali uliopita kiasi, hata hajui namna ya kuzungumza na mwanamume. Akiwa mbali na nyumbani anaangukia kwa kila mmoja. Kisha anampata Charles, kijana mwenye adabu, anayempenda. Naye Charles, alipogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua.

Tumekwisha kulifundisha kitabu hiki kwa miaka, na kila mwaka darasa humhukumu Zakaria upesi. Kwa Charles darasa hugawanyika. Wavulana humtetea, wengine kwa sauti kubwa, kwa maana alitaka alichoahidiwa. Wasichana hunyamaza, hasa wale ambao wenzao wa dawati waliacha shule mwaka huo. Charles hakumpiga mtu, hakuiba, hakudanganya. Alimpenda Rosa kwa kipimo alichopewa na watu wote waliomlea, na kipimo hicho ndicho kilichomwua Rosa. Mara moja mwanafunzi wa kiume, mtoto wa mchimbaji, alisimama akauliza kama Charles alilia usiku ule alipokwenda zake. Tulimwambia aandike ukurasa huo mwenyewe. Aliandika kurasa nne, na ndani yake Charles anarudi hadi mlangoni, anasikia watu wanazungumza ndani, anageuka.